Mama wa Bisil na Jina Lisiloitwa

Januari hii nilienda shuleni kwa binti yangu kusaidia kupokea familia za gredi ya kumi, hao wa kwanza wa mtaala mpya, na pale langoni nikamkuta mwanamke ambaye sikuwa nimemwona tangu nikiwa msichana. Nilimjua kabla hajageuka. Alisimama nje kidogo ya lango, shuka nyekundu mabegani, kichwa kimeinama upande mmoja vile vile kama zamani, na watu wakimpita huku na huku na masanduku, magodoro na ndoo mpya zenye karatasi ya duka bado. Kando yake walikuwa mama wa makamo na msichana mrefu aliyevaa sare kubwa kumliko. Bawabu alikuwa ameshawaambia waingie, tena kwa heshima, lakini yule mzee hakusogea. Mimi ni mtu wa maneno mengi, hata mume wangu hulalamika, lakini siku hiyo nilisimama tu nikimtazama. Nilijua kwa nini haingii. Nilijua pia kwamba asipoingia, yule msichana hatasoma pale, kwa sababu lango hilo hilo lilishamkataa mtoto mwingine wa nyumba yao, nami nilikuwepo nikiona.

Nitausimulia mwaka wenyewe, lakini kwanza niseme jambo moja ili nisimpoteze mtu. Rafiki yangu, ambaye habari hizi zote ni zake, sitamtaja jina. Sijalisahau, hata kidogo. Yeye alikuwa Mmaasai, na kwa watu wake kijana akifa kabla hajapata mtoto, jamaa zake hawaliiti jina lake tena. Wanalizika naye. Kwetu Wakikuyu ni kinyume: aliyeondoka tunamrudisha nyumbani kwa kumpa mtoto jina lake, na mtoto anaitwa kutwa nzima mpaka majirani wanachoka. Hawa hawajakosea na sisi hatujakosea. Ila wakati mwingine desturi mbili hukutana mlangoni na hakuna aliyeziandaa. Basi yeye nitamwita mwenzangu, kwa sababu ndivyo alivyokuwa.

Tulikuwa kidato cha tatu. Shule iko nje ya mji wa Kajiado, mahali ambapo upepo hauna kazi nyingine ila kuhamisha vumbi kutoka uwanjani hadi kwenye chai. Siku ya kupokea kidato cha kwanza, mwalimu mkuu wetu, ambaye sote tulimwita Madam, alitupanga wawili wawili: mmoja anayejua Kimaasai na mwingine Kikuyu, kwa sababu wazazi wengi Kiswahili chao kilikuwa cha sokoni tu. Mimi nilitoka Kitengela, yeye Bisil. Nilijiona mjanja wa mji. Mzee wa kwanza wa Kimaasai alipofika na mjukuu wake, nilimnyoshea mkono, "Shikamoo mzee, karibu sana!" Mzee aliuangalia ule mkono kama kitu nilichotaka kumuuzia. Nikasikia kiganja kikinisukuma kisogo kutoka nyuma. "Inama!" mwenzangu alininong'oneza. "Mkono ni wa watu wakubwa wenzake. Wewe mtoto, toa kichwa." Nikainama, mzee akanigusa utosini na vidole vikavu, akacheka, akapita. "Wee Kitengela," mwenzangu akaniambia, "unasalimia watu kama unapigia debe viazi." Nilikasirika mpaka saa ya chakula cha mchana, halafu nikasahau, maana kumkasirikia yule msichana ilikuwa kazi ngumu.

Yeye alikuwa na namna yake ya kupokea watu, na hakuna mwalimu aliyemfundisha. Sisi wengine tulimkimbilia mtoto: jina lako nani, bweni lako lipi, sanduku hili ni lako? Yeye alimpita mtoto moja kwa moja, akaenda kwa mama. Alimshika mama kikapu, akamuuliza kama mvua imenyesha kwao, kama ng'ombe wako salama, kama njia ilikuwa mbaya, akamtafutia mahali pa kukaa penye kivuli. Nilimuuliza mbona anapoteza wakati. "Mtoto atabaki hata akilia," alisema. "Mama ndiye anarudi peke yake. Kwa hivyo unakaribisha mama kwanza." Alikuwa na miaka kumi na saba. Mimi nimezaa na kulea, nimepeleka watoto shule, na bado sijasikia mtu akisema jambo la maana zaidi ya hilo kuhusu siku ile. Ndani ya bwalo vikombe havikutosha, kama kawaida, kwa hivyo kila mzazi alipewa kikombe kimoja cha chai cha kunywa na mtoto wake, na kipande kinene cha mkate kisicho na siagi. Mama anakunywa nusu, anampa mtoto nusu. Nakumbuka familia moja iliyotoka Loitokitok na gunia la vitunguu kwa ajili ya jikoni. Mama yao alishika kikombe kitupu muda mrefu, akikizungusha tu. Mwenzangu alimkalia karibu, hakumwambia kitu, mpaka yule mama akainuka mwenyewe.

Likizo ya Aprili alinipeleka kwao. Mvua ilikuwa imenyesha, na Bisil nzima ilinuka udongo na mbuzi. Nyumba yao ya mabati ilisimama karibu na ile ya zamani ya udongo, na mama yake alikataa kupikia kwenye ya mabati, ati chai ya mabati haina ladha. Tulikunywa maziwa kutoka kwenye kibuyu kilichosafishwa kwa makaa, yenye ladha ya moshi, nami nikaongezewa mpaka nikashindwa. Mimi niliwapikia mukimo, viazi vilivyopondwa pamoja na mahindi na mboga. Walikula kwa adabu kubwa, na mdogo wake, Nashipae, akauliza kama chakula hicho huwa kinatafunwa na mtu mwingine kabla. Mama alicheka akiwa amefunika mdomo na mkono, mabega yakitikisika. Jioni moja nilikuwa ndani namenya viazi, naye mama akawa anakamua nje huku akiongea na jirani kwa Kimaasai. Nilisikia jina la mwenzangu, halafu la Nashipae. "Anasema nini?" nikauliza. "Anasema unakula kama fisi." "Uongo!" Akacheka, kisha akatega sikio. "Anasema mimi ndiye wa kufungua njia. Nikipita mimi, Nashipae ataingia kwa lango lile lile, Januari. Anasema watu wanamwambia ng'ombe ndio watoto wa kweli, na yeye anawaambia wangoje waone." Nashipae alikuwa mlangoni ameshika ndama kamba. Alisikia yote. Hajawahi kutokea mtoto aliyetaka shule kama yule. Alikuwa anavaa sweta la dada yake kwa zamu, hata jua likiwa kali.

Kabla sijaondoka, mama aliniita zizini, akanionyesha kondoo jike mwenye doa jeusi shingoni. "Hii ni yako," alisema. "Lakini ikae hapa. Huko Kitengela mtaichinja Krismasi." Nikashukuru kwa maneno mengi, unanijua. Akainua mkono kuninyamazisha. "Sasa sikuiti Wangui tena. Wewe ni Paker, na mimi ni Paker." Mwenzangu alinieleza njiani: watu wakipeana kondoo, wanaacha majina yao na kuitana hivyo, Paker, maisha yote. Nilifurahi kupita kiasi. Sikujua bado kwamba kwa watu wale kuacha jina kunaweza kuwa zawadi, na kunaweza kuwa kitu kingine.

Muhula wa pili baridi iliingia. Mwenzangu alianza kukohoa, akasema ni vumbi. Akacheka, akakohoa, akacheka tena. Siku aliposhindwa kuinuka kitandani, nesi wa shule hakungoja. Alimpeleka hospitali asubuhi hiyo hiyo. Walisema ni mapafu. Jumapili Madam alinipeleka kumwona, nikiwa nimebeba uji kwenye flaski. Kulikuwa na dirisha moja lililokataa kufungwa, na mama mmoja kitanda cha pili aliyekuwa na redio ndogo akisikiliza kwaya. Mwenzangu alikuwa amepungua uso, macho ndiyo yamebaki makubwa. Uji aliulamba tu. "Kitengela," aliniita, "mdogo wangu anakuja Januari. Mimi nikiwa bado hapa kwa hawa watu, utampokea." Nikamwambia, "Acha ujinga, utampokea mwenyewe." "Utampokea vizuri," alisema, kama hakunisikia. "Na usisahau. Mama kwanza." Niliapa. Mama wa redio akatuambia tuongee polepole, kwaya yake inapotea. Sote wawili tulicheka. Hicho ndicho kicheko chake cha mwisho nilichosikia, kwa sababu kesho yake alikufa.

Walimzika nyuma ya ile nyumba ya udongo. Madam alituruhusu wachache kwenda. Mchungaji wao, ambaye mwenyewe alikuwa Mmaasai, alihubiri mwanzo hadi mwisho akisema "binti yetu", wala hakuna mahali alipoteleza. Mimi sikuelewa. Baada ya ibada nilimwendea mama, nikamkumbatia, nikaanza kusema, "Paker, mimi nilimpenda sana..." na jina likawa tayari kwenye ulimi. Mkono mdogo ukanifunika midomo. Ilikuwa Nashipae. "Hatuliiti tena," alisema taratibu. Mkono wake ulinuka moshi na maziwa. Nililimeza lile jina, na nikwambie ukweli, lilinikwama kifuani miaka mingi. Bwenini kitanda chake kilibaki na godoro tupu, na usiku wa kwanza nililia hadi kiranja akaja kunifokea, kisha akakaa chini naye akalia. Wahenga wanasema asiyekuwepo na lake halipo. Woi, uongo mtupu! Asiyekuwepo kila kitu ni chake: kitanda, kikombe, kiti cha darasani, njia ya kwenda bombani.

Nilikaa nikiingoja Januari kwa hofu. Habari zilizotoka Bisil zilisema mama hatamleta mtoto wa pili, nyumba ile haiwezi kutoa mara mbili. Halafu siku ya kupokea wageni ikafika, nami nikiwa langoni na msichana mwingine nisiyempenda bila kosa lake, nikawaona wakija kutoka barabarani. Mama mbele, Nashipae nyuma na godoro kichwani, amevaa lile sweta. Sasa lilikuwa lake. Nilimpita Nashipae. Nilienda kwa mama, nikatoa kichwa, akanigusa. "Paker," alisema, "nimeogopa njia yote." Nikamchukua kikapu. Nikamuuliza kama mvua imenyesha. Nikamuulizia kondoo wangu. "Amezaa," alisema, na mkono ukaenda mdomoni, na mabega yakatikisika kidogo. Ngai, nilishukuru! Nikamtafutia benchi penye kivuli, kisha nikawaingiza ndani ya bwalo, nikawaletea chai. Mama alikunywa nusu yake. Nashipae alikuwa akiangalia ukutani palipoandikwa majina ya mabweni, midomo ikisoma. Nilijiambia, mwenzangu, umeona? Nimeweza.

Madam akasimama kuwakaribisha wazazi. Alikuwa mama wa Ukambani, mcha Mungu, mkali na mwenye huruma, na watoto wake wawili alikuwa amewazika yeye mwenyewe. Nasema hivyo ili mtu asimhukumu. Aliongea juu ya nidhamu, maji, na siku ya kutembelewa. Kisha sauti yake ikabadilika. Alisema mwaka uliopita shule ilimpoteza binti mwema, na kwamba leo familia yake imetuonyesha imani kubwa kwa kutuletea mdogo wake. Nilijua linakuja. Nilitaka kusimama, kupiga kelele, kuangusha sahani, chochote, lakini nikabaki nimeketi. Akalitaja kwenye kipaza sauti, majina yote matatu, polepole, kwa mapenzi, akatuomba tusimame kimya kwa heshima yake. Watu wakasimama. Lile bwalo lilinyamaza mpaka nikasikia mabati yakilia kwa jua. Wazazi kadhaa wa Kimaasai walikuwa wameinamisha nyuso. Mama hakulia. Aliweka kikombe mezani, nusu ya Nashipae ikiwa bado ndani, akachukua godoro mwenyewe, akamshika mtoto mkono, akatoka.

Niliwakimbilia mpaka langoni. "Paker, tafadhali, yeye hajui! Ni mtu wa Ukambani, kwao ndiyo heshima!" Alisimama. "Najua hajui," alisema. "Sina hasira naye." "Basi mwache Nashipae! Nitamlinda, nitalala naye kitanda kimoja." Alinitazama, na uso ule sijawahi kuuona kwa mtu mwingine. "Paker, jina linaitwa ndiyo mtu aitike. Ameliita mbele ya watu wote, na mimi nikangoja. Unanisikia? Nilikuwa nangoja aitike. Nikimwacha huyu hapa nitangoja kila siku." Nashipae aliligeukia bwalo mara moja, akatazama kama mtu anayehesabu madirisha, kisha akavua lile sweta polepole, akalikunja, akaliweka kwapani. Wakashuka barabarani. Madam alinifikia akihema, viatu vimejaa vumbi. "Nimesema nini, mtoto wangu? Nimesema nini?" Nilipomweleza, alikaa juu ya sanduku la mtu asiyemjua, akashika kichwa.

Nashipae hakusoma tena. Nilipomaliza shule nilisikia anauza mbuzi soko la Bisil, na kwamba hakuna mnunuzi anayeweza kumdanganya. Mimi nikaolewa, nikarudi Kitengela, nikazaa wavulana, na mwishowe, umri ukiwa umeshakwenda, nikapata msichana. Kwa sheria yetu binti wa kwanza huchukua jina la mama mkwe, wa pili la mama yangu. Mimi nikampa la mwenzangu. Mama mkwe aliuliza, "Haiya, hilo limetoka wapi?" Mama yangu mzazi akanitetea: "Mwache ampe. Mimi niko hai, naweza kungoja." Nilikuwa nimelimeza miaka yote ile na sikuwa na njia nyingine ya kulitoa. Mtoto akiwa bado mgongoni nilikutana na Nashipae sokoni hapa Kitengela. Tulishikana mikono, tukacheka, akauliza mtoto anaitwa nani. Nikamwambia. Uso wake ukafungwa kama mlango. Akalipia sukuma wiki yake, akaniaga vizuri, akaondoka. Tangu siku hiyo sikuwahi kukanyaga Bisil.

Sasa ndio hao, wote wawili langoni, na huyo msichana mrefu ni binti ya Nashipae, aliyepangiwa na serikali shule ile ile bila mtu yeyote kuulizwa. Na binti yangu yuko huko ndani, kidato cha tatu, amechaguliwa kupokea wageni. Nilimwendea mzee. Nilimpita mtoto, nikampita Nashipae, nikatoa kichwa changu chenye mvi mbele ya watu wote. Vidole vikavu vikanigusa. "Paker," alisema. "Kondoo yako walizaa, wakajaa, halafu ukame ukawamaliza." "Paker," nikasema, "mvua imenyesha kwenu?" "Kidogo." Nikachukua kikapu chake. Hakunifuata. "Yuko wapi?" akauliza. "Nani?" nikajifanya mjinga. "Mtoto wako. Nashipae aliniambia, zamani." Nashipae akaangalia chini. Nikaanza kuomba msamaha, maneno yakija mengi mengi, nikasema nyumbani tunaweza hata kumwita jina lingine, akainua mkono kuninyamazisha vile vile alivyonifanyia zizini. "Nilikasirika," alisema. "Nilikasirika sana. Halafu nikazeeka. Mimi siwezi kuliita. Huyu hawezi. Wewe si wa nyumba yetu, wewe unaweza." Alivuta shuka, akaelekeza kichwa upande wa bwalo. "Mwite, nisikie."

Binti yangu alikuwa mbali, karibu na bwalo, amebeba godoro la mtoto wa watu kichwani na anamwonyesha mama fulani mahali pa kukaa. Nilijaribu, sauti ikakatika. Nashipae akanishika mkono. Nikajaribu tena, nikaliita kwa nguvu zote, uwanja mzima ukasikia, jina lile ambalo sijaliandika hapa. Binti yangu akageuka, godoro likayumba.

"Niko hapa, Mami! Nakuja!"

Mzee alikuwa amefumba macho. Mkono ulikuwa mdomoni, na mabega yalikuwa yanatikisika, na sikuweza kujua kama ni kicheko.

"Ameitika," alisema. Kisha akamshika mjukuu wake mkono, akaingia.